Kujisaidia

Kabla kengele ya kanisa kuu haijalia kilimani Lubaga, nilimsikia Tunu akikwaruza mchanga. Alikwaruza, akatulia, akakwaruza tena. Paka aliyemaliza shida yake hufukia mara moja akaenda zake. Huyu alikuwa akianza upya kila mara, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyoitika. Niliwasha taa nikamfuata uani. Alikuwa amejikunja katikati ya beseni, mgongo umepinda, mkia umenyanyuka na ncha yake inatetemeka. Akatoa mlio mfupi ambao kwa miaka 15 ya kuishi naye sikuwahi kuusikia. Alipotoka nilichutama nikachambua mchanga. Kulikuwa na kipande kimoja tu, kidogo, kikavu, kigumu kama kokwa ya kunazi. Tunu alikwenda hatua tatu, akasimama, akatapika povu jeupe, kisha akajilaza chini ya kiti na kuugeuzia ukuta uso wake.

Ilikuwa siku ya tatu. Hesabu hiyo niliipata baadaye kidogo, nilipojilazimisha kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilizoa kitu cha maana kutoka kwenye beseni lile. Alfajiri yenyewe nilijua jambo moja tu, kwamba kiumbe huyu ana haja na haja yake imemshinda.

Kiswahili kina haya na jambo hili. Kwetu Tanga mtu huenda haja, huenda msalani, hupata choo au hukosa choo. Na akitaka kulisitiri zaidi husema anakwenda kujisaidia. Nimefundisha lugha hii Kampala miaka mingi, na neno hilo limenipita mdomoni mara nyingi pasipo kulisikiliza. Ile ji- iliyomo ndani yake humrudishia mtu tendo lake mwenyewe. Huu ni msaada ambao kila mmoja hujipa peke yake, mlango umefungwa, na hakuna wa kushukuriwa. Waganda ninaoishi nao husema okweyamba, neno linalotokana na okuyamba, yaani kusaidia. Lugha moja imekulia pwani, nyingine kando ya ziwa Nalubaale, yaani Viktoria, na zote mbili zimechagua sitara ileile. Lakini ndani ya sitara hiyo mna imani iliyojificha, kwamba mwili utaweza. Neno halikumfikiria asiyeweza.

Tunu alikuja nyumbani akiwa anaenea kiganjani. Nilipewa na muuza nafaka wa Nateete, ambaye paka wake alikuwa amezaa nyuma ya magunia ya mahindi, na mimi nilikuwa na panya darini waliokuwa wakinikosesha usingizi. Alipokua aliwamaliza. Kwa miaka zaidi ya kumi sikuona mchele uliotobolewa wala sabuni iliyotafunwa. Wahenga wetu walisema paka wa nyumba haingwa, na darasani mimi huifafanua methali hiyo kama maneno juu ya watu: aliye wa ndani hafukuzwi, hata akikosea, hata akiwa hana tena la kukufaa. Sikuwahi kuifikiria kwa paka mwenyewe.

Paka akivuka miaka 10 huhesabiwa mzee; akifika 15 madaktari humlinganisha na binadamu wa miaka sabini na kitu. Tunu alikuwa ameacha kurukia dirisha. Alipanda kwanza kigoda, kisha kiti, kisha meza, akipumzika kila ngazi. Manyoya ya kiunoni yalikuwa yameshikamana kwa sababu hakuweza tena kujipinda ayalambe. Alikuwa akikojoa zaidi ya zamani. Yote haya niliyaona, na yote niliyapa jina moja: uzee. Neno hilo ni kapu kubwa. Tukishalitia jambo humo, hatulitazami tena.

Mficha maradhi, husema methali nyingine, kifo humuumbua. Binadamu huficha kwa aibu au kwa kuogopa gharama. Paka huficha kwa asili. Yeye ni mwindaji mdogo ambaye naye huwindwa, na porini anayeonyesha udhaifu hugeuka kitoweo. Kwa hiyo maradhi yake hayasemi, lazima yasomwe. Huingia kwenye mchanga mara nyingi na kutoka bila kitu. Hula nusu ya chakula, kisha robo. Hutapika baada ya kujikamua. Mara nyingine hutoka majimaji kidogo, na mwenye nyumba hudhani anaharisha, kumbe ni umajimaji unaopenya kando ya kinyesi kilichokwama. Paka wengi hupata choo karibu kila siku. Siku mbili zikipita bila kitu, tayari ni habari. Mimi niliachia tatu.

Jirani yangu ni bibi aliyekaribia miaka 80, muuguzi mstaafu, ambaye mtaa mzima tunamwita Jjajja. Kiswahili alikiokota wodini, kwa wagonjwa waliotoka Kongo na kwa askari, na hukisema polepole, akikipambanua kama mtu anayechagua mchele. Asubuhi ile aliniita kutoka upande wa pili wa ua wa michongoma.

"Mwalimu, kkapa yako imelia usiku."

"Amekosa choo, Jjajja. Siku ya tatu leo."

Nilitarajia acheke, au aseme paka ni paka. Aliweka chini ufagio wake.

"Wodini tulianza na kitanda cha kwanza," alisema. "Kila asubuhi. Umepata choo? Tukaandika. Kitanda cha pili, umepata choo? Tukaandika. Mgonjwa akikwambia maumivu yamepungua, pengine anakufurahisha tu. Hilo la choo hawezi kukufurahisha nalo."

Kisha akauliza nimempa nini. Nikamwambia boga. Jana yake nilikuwa nimechemsha boga, nikaliponda, nikalichanganya na mukene wake, yaani dagaa wa ziwani, kwa sababu kila mtu anajua kwamba nyuzi za mboga hufungua tumbo. Sikumwambia kwamba mfukoni nilikuwa tayari na kichupa kutoka duka la dawa, cha kusafishia utumbo wa watu kwa nyuma, ambacho muuzaji alinihakikishia kingefaa nikitumia nusu. Sijui alisoma nini usoni mwangu.

"Dawa ya mtu si dawa ya kkapa," alisema. "Mpeleke kwa musawo. Sasa hivi, kabla jua halijawa kali."

Nilimtia kwenye kikapu chenye mfuniko, nikampakata juu ya boda boda, na njia nzima sikusikia sauti yake. Ukimya ule ulinitisha kuliko mlio wa alfajiri.

Daktari alikuwa binti mdogo aliyesomea Makerere. Kitivo cha udaktari wa mifugo kilianzishwa pale mwaka 1971, na nchi hii ya ng'ombe wenye pembe ndefu ilikuwa na kila sababu ya kuwatanguliza ng'ombe. Paka mzee aliyefunga choo ni mgonjwa aliyekuja nyuma sana kwenye foleni. Lakini mikono ya binti yule ilikuwa na adabu. Kwanza alipapasa kibofu. Akaniambia kwamba hilo huangaliwa kabla ya lolote, kwa sababu paka anayejikamua kwenye mchanga pengine hatafuti haja kubwa, anatafuta ndogo, na dume aliyezibwa mkojo anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili huku wenyewe wakimchemshia boga. Kibofu cha Tunu kilikuwa laini. Kisha vidole vikapanda juu kidogo, vikasimama. Akanichukua mkono akaniwekea vidole vyangu pale pale. Chini ya ngozi niliyozoea kuipapasa kila jioni niliuhisi mstari wa vipande vigumu vilivyobanana, kama punje za tasbihi. Vilikuwa humo siku zote hizo, mkono wangu ukipita juu yake kwa mapenzi na usijue.

Halafu akaibana ngozi ya shingoni akaiachia. Ngozi ya paka mzima hurudi papo hapo. Ya Tunu ilibaki imesimama, kama kitambaa kilichokunjwa, ikashuka taratibu. "Amekauka," alisema.

Neno hilo ndilo lililofungua yote. Utumbo mpana ni mahali mwili unapovuna maji ya mwisho kabla ya kutupa mabaki. Mabaki yakikaa muda mrefu, hunyonywa zaidi, yakinyonywa huwa magumu, yakiwa magumu huumiza, na kiumbe anayeumia hulikwepa beseni, kwa hiyo yanakaa muda mrefu zaidi. Sisi wa Lubaga tunaujua mzunguko huu kwa macho. Hapa chini kwetu mfereji wa Nalukolongo ukijaa chupa na kaveera, yaani mifuko ya plastiki, chupa ya leo hushika ya kesho, na mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda ila majumbani mwa watu. Daktari alinieleza kwamba utumbo ukitanuliwa hivyo tena na tena, misuli yake hulegea, na kuna siku huishiwa nguvu kabisa za kusukuma, hata kama njia imesafishwa. Ndiyo maana siku mbili ni habari. Na ndiyo maana boga langu halikuwa msaada. Nyuzi huhitaji maji. Zikikuta utumbo mkavu uliokwisha jaa, huongeza mzigo juu ya mzigo.

Nilimwonyesha kichupa. Alikitazama, akakiweka mezani mbali nami, kwa upole. Dawa za aina hiyo zenye fosfati, alisema, huivuruga damu ya paka kiasi cha kumuua. Parasetamoli nayo ni sumu kwake, kidonge kimoja kinatosha. Na mafuta anayonyweshwa kwa nguvu hupotea njia yakaingia mapafuni. Niliketi nikiwa nimeshika mfuniko wa kikapu. Ubaya haukunikosa kwa ujuzi wangu. Ulinikosa kwa sababu bibi mmoja aliweka ufagio chini.

Siku hiyo walimtia maji chini ya ngozi ya mabega, yakafanya kinundu laini kilichotoweka kufikia jioni. Walimlaza kwa dawa, wakamsafisha utumbo kwa maji ya uvuguvugu, pole pole. Walimpima damu, nayo ikasema yale niliyokuwa nimeyaita uzee: figo zimechoka. Figo zilizochoka hushindwa kuzuia maji, ndiyo sababu ya ule mkojo mwingi; na mwili unaoishiwa maji hukopa pa mwisho pa kukopa, kwenye kinyesi. Na viungo vya nyonga vilikuwa vimeingia baridi yabisi, hivyo hata kuchutama kwenyewe kulikuwa maumivu. Ugonjwa niliouona kwenye beseni ulikuwa umeanzia mahali pengine, kwenye figo na mifupani, na mlango wa nyuma ulikuwa mahali pa mwisho pa kutoa habari.

Tangu hapo maisha yangu na Tunu ni habari ya maji.

Paka ametokana na paka mwitu wa nchi kavu za Afrika na Mashariki ya Kati, na kiu yake hadi leo ni ndogo kuliko haja yake. Zamani hilo halikumdhuru, kwa sababu alikunywa kwa kula. Panya mmoja ni maji kwa kiasi cha asilimia 70. Sisi tumempa chakula cha punje ambacho maji yake hayazidi sana asilimia 10, tukamwekea bakuli pembeni, tukadhani atajua kufidia. Mimi nilikuwa nikimpa mukene aliyekaushwa juani, mkavu vilevile alivyotoka guniani, gao moja asubuhi na moja jioni. Alimpenda mno. Nilikuwa nikimpa anachokipenda, kwa mkono wangu mwenyewe, na kinamkausha.

Sasa mukene huoshwa mchanga wote, akalowekwa usiku kucha, akachemshwa bila chumvi hadi alainike, na supu yake haimwagwi. Nikipata kichwa cha mputa, yaani sangara, sokoni nakichemsha, naichuja miiba yote, namnywesha mchuzi ukiwa na joto la mwili. Maji nimeyaweka mahali panne, katika mabakuli mapana ambayo ndevu zake hazigusi kingo, mbali na chakula na mbali zaidi na beseni. Aliyoyachagua yeye ni ya sahani ya udongo iliyo chini ya mtungi, au ensuwa, pale unapovuja jasho lake. Huko nyuma nilikuwa nikimfukuza pale. Maziwa nimeacha, kwa kuwa paka wengi wakishakua tumbo lao haliyawezi, na kumharisha mgonjwa aliyekauka ni kumkausha zaidi.

Beseni lake nililikata upande mmoja kwa kisu cha moto, ukingo ukashuka hadi chini, ili asilazimike kuinua nyonga. Namchana kila jioni, maana nywele anazozimeza huishia kwenye kinyesi na kukifunga kama nyuzi za kamba. Na kila asubuhi na kila jioni dawa ya laktulosi, kwa kiasi alichopima daktari, kwenye bomba dogo la sindano lisilo na sindano, kupitia pembe ya mdomo. Ni sharubati tamu, nzito. Lakini paka haonji utamu. Chembe ya urithi inayofanya ulimi uutambue imezimika katika jamii yake yote. Huyo mtoto tunayembembeleza kwa kumwambia dawa ni tamu, Tunu hawezi kuwa yeye. Kinachomfikia ni kunata tu. Nimejifunza kupasha moto bomba kiganjani, kumpa tone moja moja, na kumfuta mdomo kwa kitambaa chenye maji kabla hajalazimika kujilamba. Hisani niipime kwa ulimi wake, si kwa wangu.

Nilikua nikisikia kisa cha Abu Qatada, sahaba wa Mtume. Mkamwanawe, Kabsha, alikuwa amemmiminia maji ya udhu, akaja paka akitaka kunywa, na mzee yule akakiinamisha chombo hadi paka akakata kiu. Kabsha akawa anamtazama kwa mshangao. Mzee akamwambia kwamba alimsikia Mtume akisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaozunguka-zunguka kati yenu. Chuoni mwalimu wetu alituhadithia kisa hiki kama somo la tohara: maji aliyoyanywa paka yanafaa kutawadhia. Nilikipokea hivyo kwa miaka arobaini. Siku hizi nakaa na mkono wa mzee yule. Abu Qatada hakungoja ajue fikihi ya jambo ndipo ainamishe. Chombo kiliinama kwa sababu kiu ilikuwa mbele yake. Hukumu ilikuja baadaye, kumjibu aliyeshangaa.

Nami nina wanaonishangaa. Rafiki mmoja aliniuliza bila ubaya ni shilingi ngapi nimetumia kwa paka asiyekamata tena hata mende, wakati Kampala ina watoto wasiokunywa chai. Swali hilo silidharau. Kiswahili chenyewe kimelionya jambo hili. Katika hadithi ya Sultani Majnun, iliyomo kwenye mkusanyiko wa Edward Steere uliochapwa mwaka 1870, paka wa sultani alikula ndama, kisha mbuzi, kisha ng'ombe, na kila alipoletewa mashtaka sultani alijibu kwamba paka ni wake na mali ni yake. Alikuja kuamini ilipoliwa damu yake mwenyewe, watoto watatu, na hapo ndipo alipokiri kwamba huyu si paka tena, ni nunda. Nyumba inayomtukuza mnyama juu ya watu huliwa na mnyama huyo. Wazee walijua.

Nilikaa na swali hilo miezi. Jibu sikulipata kwa kufikiri. Lilinijia kupitia uani.

Ilikuwa Oktoba, mvua imeshika, njia ya kushukia Kabuusu ni utelezi mtupu. Nilivuka kwenda kumpelekea Jjajja mihogo. Miaka yangu hapa imenifundisha kumwamkia mkubwa kwa magoti, kama wafanyavyo wanawake wa Buganda, nikapiga magoti kibarazani.

"Wasuze otya nno, Jjajja?"

"Bulungi, mwana wange." Kisha, kama kila siku: "Tunu amejisaidia?"

"Amejisaidia, Jjajja. Leo vizuri."

Kwa kawaida hapo ningenyanyuka. Lakini macho yangu yalikuwa yamekwisha zoea kusoma. Chai yake ilikuwa imejaa kikombe, imepoa, ina utando juu. Kipande cha muhogo wa jana kilikuwa kwenye sahani, kimeumwa mara moja. Alikuwa ameketi upande, uzito wote juu ya paja moja, na mkono wa kushoto umelala chini ya kitovu bila kufanya kazi yoyote. Kila mtu angesema: uzee.

Nilikuwa bado nimepiga magoti, na nikatambua kwamba ni magoti yaleyale. Hivi ndivyo ninavyokuwa kando ya beseni kila alfajiri. Kumuuliza mtu mzima mwenye umri wa mama yangu jambo kama lile ni kuvunja adabu, kwetu na kwao. Sikuwa na maneno yangu ya kulisemea, nikaazima yake.

"Na wewe, Jjajja. Umepata choo?"

Mvua ilikuwa inashuka kwenye mfereji wa bati ikamwagika pipani. Alitazama pipa muda mrefu.

"Siku ya sita," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Tangu nistaafu, hakuna aliyeniuliza."

Siku hiyohiyo mjukuu wake alimpeleka Hospitali ya Lubaga, ile iliyoanza mwaka 1899 kwa mikono ya masista wamisionari, ambayo kuta zake tunaziona tukisimama kwenye michongoma yetu. Alisaidiwa. Lakini kisa chenyewe hakikuwa cha dawa tu. Choo chake kiko nje, hatua 20 kutoka mlangoni, na mwezi ule wa mvua aliteleza usiku akakaribia kuanguka. Tangu hapo akawa hanywi kitu baada ya saa nane mchana, asije akalazimika kutoka gizani. Mtu aliyetumia maisha kuuliza vitanda vya wenzake alikuwa akijikausha kimya kimya kwa sababu ya ngazi mbili zenye ukungu.

Fundi alikuja. Ngazi zilikwaruzwa zikawekwa zege la kushika mguu, bomba la chuma likafungwa ukutani kwa ajili ya mkono, na taa ikatundikwa inayowaka usiku kucha. Ndani akawekewa chombo cha usiku chenye kiti. Nilipokuwa namshikia fundi kipimo nilikumbuka kisu cha moto na beseni la Tunu, ule ukingo ulioshushwa. Ilikuwa kazi moja. Tulikuwa tunaondoa kilichosimama kati ya kiumbe na haja yake, ili neno lirudi kuwa kweli, aweze tena kujisaidia.

Rafiki yangu aliyeniuliza kuhusu shilingi alidhani huruma ni debe la unga, ukimchotea paka unampunguzia mtu. Yangu haikuwa hivyo. Nilikuwa na jirani miaka mingi na sikuona kikombe chake kilichojaa. Ilibidi kiumbe asiye na usemi anifundishe kuchutama, kuhesabu siku, kuibana ngozi nione kama inarudi, kulitilia shaka neno uzee. Nunda wa sultani alikua kwa sababu bwana wake hakutazama, alijibu mashtaka akiwa kitini. Kutazama ndiko kulikoniokoa mimi.

Tunu hatapona. Daktari aliniambia wazi, nami nashukuru kwa uwazi wake. Figo hazirudi, na huenda utumbo ukaja kuchoka kabla yake. Kuna siku ambazo daftari ninaloandikia choo chake lina mstari mtupu, kisha wa pili, na tunarudi kwenye kikapu na boda boda. Ila siku nyingi ni kama ya leo. Alfajiri nilimsikia akiingia kwa ule upande ulioshushwa, taratibu, mguu mmoja kisha mwingine. Nilikuwa karibu, nikageuza uso, maana sitara ni haki yake hata kwangu. Nikasikia mchanga ukifukiwa mara moja tu, na vishindo vyepesi vikielekea kwenye mtungi.

Kulipokucha Jjajja aliita kutoka ng'ambo ya ua kuuliza habari zake. Nikamjibu, kisha nikamuuliza yeye. Hacheki wala haoni haya tena. Hujibu kama anayesomewa jina lake wodini. Halafu kila mmoja wetu akaingia ndani kumimina maji.